Buraanbur Iliyokatika Kabla ya Mama

Masikio bado yananichoma nikikumbuka, kwa hivyo nitasema haraka haraka kabla sijabadili nia: mimi ndiye niliyemfanya mama yangu mzazi asisifiwe siku ya shaash ya binti yake, mbele ya wakwe, na wakwe wakacheza.

Kwa asiyejua, shaash ni ile siku, kama wiki moja baada ya harusi, wanawake wa pande zote mbili wanapokusanyika kumfunga bibi harusi kitambaa cha kichwani cha mke wa mtu, na hapo lazima iimbwe buraanbur, mashairi ya sifa ya wanawake wetu. Wageni wanasifiwa kwanza (adabu ndiyo hiyo), halafu wimbo unamgeukia mama wa bibi harusi, nyanya mzaa mama na ukoo wao. Mama yangu ametulea sisi watatu peke yake kwa kuuza maziwa ya ngamia sokoni Garissa, na hakuna mahali popote alipowahi kutajwa. Hiyo ilikuwa zamu yake.

Dada yangu Ifrah alipoolewa, mimi kama mkubwa nikasema buraanbur niachieni. Kulikuwa na mama mmoja wa mtaa wa Iftin anayeimba mpaka nywele zinakusimama, lakini mimi (mtu wa ofisi, mtu wa mambo ya kisasa) nilikuwa nimeona duka la nyimbo kwenye simu, ambako mshairi mmoja wa ng'ambo unamtumia majina, unalipa, anakurekodia yako peke yako, nayo inaingia kwenye programu ya hao wenye duka. Nikalipa. Ilipofika nikaisikiliza peke yangu jikoni nikalia, kwa jinsi alivyomtaja mama. Sikumwambia kitu, nilitaka aisikie siku hiyo hiyo.

Siku ikafika, hema limepigwa nyumbani kwetu mtaa wa Waberi, uvumba unafuka, na Hodan, binti ya shangazi yangu, anahangaika kuuhamishia wimbo kwenye flashi.

"Abaayo, dada yangu, hii file imekataa kutoka," akaniambia. "Nje ya app yao haisomi mahali bopote. Wacha niirekodi na simu yangu hivi hivi, ikilia kwa yako."

Nikakataa. Nikamwambia nimenunua, sijaiba, na kitu cha halali hakipitishwi mlango wa nyuma (tena nilisema hivyo nikiwa nimenyoosha kidole, Mungu anisamehe).

Sasa simu yangu ikawa haishikani na spika, ya Hodan ndiyo inashikana, nikaona ni jambo dogo tu, niingie na akaunti yangu kwenye simu yake. Programu ikazunguka, ikaleta maneno marefu ya Kiingereza, na mimi wakwe ndio hao wanaingia, nitasoma saa ngapi, nikabonyeza kubali, kubali, kubali. Ikalia. Nikashusha pumzi.

Sauti ya yule mshairi ikajaa hema. Akamsifu mama wa bwana harusi, heshima yake, ukarimu wake, mpaka visima vya ukoo wao kule Takaba, na yule mama akainuka, akacheza, wenzake wakampigia makofi. Nikamwona mama yangu anarekebisha mtandio wake, anaanza kunyanyuka taratibu, maana wimbo ulikuwa unageuka. Mshairi akavuta pumzi. Kimya.

Nikabonyeza tena. Ikaanza mwanzo kabisa. Mama mkwe akacheza tena, visima vya Takaba vikasifiwa tena, mama yangu akanyanyuka nusu, ikakatika palepale. Nikabonyeza tena (jasho linanitiririka mpaka kwenye nyusi), na tena, na mama mkwe kila mara anainuka, sasa anajifuta uso huku anacheka, "Mashallah, rudia," na upande wetu wamekaa mikono mapajani.

Shangazi akaninong'oneza, "Hii buraanbur nani amelibia? Wao?"

Hapo ndipo niliposoma yale maneno marefu. Programu ilipoona simu ngeni ilinishuku, ikafunga nilichonunua mpaka nithibitishe kwa laini niliyojisajilia, laini niliyoipoteza zamani, ikaniachia kionjo tu cha mwanzo, kile anachopewa yeyote asiyelipa. Nikakimbilia simu yangu, nako kumefungwa.

Basi nikasimama niiseme mwenyewe, si nilikuwa nimeisikiliza mara nyingi? Nikaanza vizuri, nikafika kwa nyanya, nikakwama, nikamtaja nyanya wa upande wa baba (ambaye mama yangu hakupatana naye hata siku moja), na hema zima likacheka, hata Ifrah chini ya kitambaa chake. Mama akanitazama, akasema polepole, "Kaa chini."

Niliwaandikia wale wenye duka. Wakanijibu kwa upole kwamba nilichonunua ni ruhusa ya kusikiliza kwa utaratibu wao, rekodi yenyewe si mali yangu, nivumilie. Navumilia, lakini situlii, naifungua ile programu asubuhi, naifungua nikiwa ofisini, nakuta kufuli. Nimeapa sitanunua tena wimbo nisioweza kuutoa nikampa mwenzangu mkononi, na mdogo wetu akiolewa nitamleta yule mama wa Iftin hata kwa kumbeba mgongoni.

Mama hakunigombeza. Nilipomsomea lile jibu aliuliza, "Kwa hivyo jina langu liko kwa nani?"

Nikamwambia liko kwao.

"Na wao wananijua?"

Nikamwambia hapana, hooyo, hawakujui, na aibu niliyoona hapo ilizidi ya siku yenyewe.