Nthambi na Vyuma Vilivyozikwa Komarock

Saa mbili asubuhi, Jacky Nthambi amepiga magoti uani kwa Lydiah, mmoja wa wenye ploti nje kidogo ya mtaa wa Komarock, akichimbua udongo kwa mikono. Sululu ameiweka kando.

"Ni hapa hapa," anasema. "Ramani haidanganyi sana."

Nthambi, 47, ni msaidizi wa wapima ardhi. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake imekuwa kutafuta bikoni, vile vyuma vilivyozungushiwa simiti kuonyesha mpaka wa ploti. Wiki zisizo na kazi huwafulia watu nguo mtaa wa jirani, Kayole.

Ploti za hapa, mia mbili na kumi, ya Lydiah ikiwemo, zilinunuliwa na kampuni ya wanahisa mwaka 1978. Kila mwanahisa alipewa cheti cha hisa, na jina lake likaandikwa katika daftari moja kubwa. Tangu hapo hawajapatana: wasajili ardhi wapate hati, au wabaki na daftari?

Mzee Muriuki, 81, katibu anayelitunza daftari hilo, alipinga usajili katakata. "Hapa tunajuana. Karatasi zikishaenda ofisini, utaamka ukute jina la mtu usiyemjua."

Lydiah, mjane, alimjibu mkutanoni: "Mzee, wewe unatujua. Ukiondoka, watoto wetu watamuuliza nani?"

Wakaafikiana. Bikoni nne zikipatikana pale ramani ya zamani inaposema, ithibitike kuwa mipaka haijahamishwa, Muriuki atalitoa daftari ili majina yasajiliwe. Tatu zilionekana. Ya nne, kwa hesabu ya Nthambi, iko chini ya banda la kuku la Lydiah.

Banda limeshasogezwa. Futi tatu chini, kucha za Nthambi zinakwaruza simiti. Anapangusa, na chuma kinatokeza, kimesimama wima. Kipimo kimepishana na ramani kwa upana wa kidole tu.

Muriuki, aliyekuja kushuhudia, anavua kofia, anainama taratibu, anaigusa bikoni. "Hii niliishikilia mimi simiti ikiwa mbichi," anasema. "Nilidhani ardhi ilishaimeza."

Nthambi naye hajazoea. "Watu wamepika, wamezaa, wamekaa matanga juu yake, nayo imetulia tu. Kila nikiipata moja, naona kama ndiyo ya kwanza."

Adhuhuri Muriuki analeta daftari, limefungwa kwa kitambaa cha meza, na kumkabidhi Lydiah mbele ya wote. "Sajilini," anasema. "Lakini nisomeeni kila jina kabla halijaenda."

Nthambi mwenyewe hana ploti. Januari ataanza kozi ya upimaji katika chuo cha ufundi, darasa moja na vijana wa rika la bintiye.

"Nimewashikia wengine kamba ya kupimia vya kutosha," anasema. "Nataka ramani moja tu, hata ya kiwanja cha choo, yenye sahihi yangu pale chini."