Maji ya Doto

Nilipokuwa mtoto, enzi za Mwingereza, sikuwahi kula hata karanga peke yangu. Mimi ni Kulwa, pacha wangu alikuwa Doto, na kwetu Usukumani pacha hapewi kitu mwenzake akakosa. Bibi, mama yake baba, alilisimamia hilo kama askari. Alisema anayenyimwa huona hatakiwi, akaondoka zake. Kuondoka maana yake kufa, tulijua.

Sasa, Jumapili ya ubatizo wetu Doto akaamka na homa, hata uji hautaki. Kasisi alikuja kwetu mara moja kwa mwaka, na mchana huohuo alikuwa aendelee na safari ya Kahama. Baba, aliyekuwa ametoka kwenye machimbo ya dhahabu kule Geita, akaamua: Kulwa abatizwe, Doto angoje mwaka ujao.

"Huo mwaka ujao utamkuta?" Bibi akauliza.

Alipokuwa akinivalisha gauni akaninong'oneza, "Usijifute. Hayo maji mletee mwenzio."

Kanisa letu lilikuwa la udongo na nyasi, na kengele yake ngoma. Udongo wa kuta zile Bibi aliukanyaga yeye na wanawake wenzake, ingawa ndani hakuwahi kuketi. Kasisi akanimwagia maji, akaniita Martha. Mwalimu wa kanisa akanyoosha kitambaa anifute. Nikamkwepa, huyoo, nikatoka mbio!

Jua la kiangazi cha kwetu halina huruma. Nilikimbia nimefunika kichwa kwa viganja, nikitafuta vivuli vya migunga, nikilia, maana niliyasikia yanakauka. Nilipofika nyumbani nikapapasa nywele: kavu kabisa. Nikajitupa chini.

"Bibi, yamekwisha. Nimemuua Doto!"

"Nyamaza wewe. Yameenda wapi, si yameingia humo kichwani? Mbona haya yanatoka?"

Akakusanya kwa kidole jasho lililokuwa likinitiririka usoni, akampaka Doto kwenye paji la uso. Likashuka mpaka mdomoni. Doto akalamba.

"Yana chumvi," akasema.

Homa ilimwachia. Kwa nini ilimwachia, sijui. Wengine waliugua vilevile wakapona bila jasho la mtu.

Mwaka uliofuata kasisi alirudi, Doto akasimama mbele yake.

"Mtoto huyu amekwisha kubatizwa?" kasisi akauliza, kama ilivyo desturi.

"Ndiyo," Doto akajibu. "Alinibatiza Kulwa."

Kanisa zima likaangua kicheko. Baba aliinama kwa aibu. Kasisi hakucheka. Alimsikiliza Doto mpaka mwisho, na habari ya jasho pia, kisha akachota maji.

"Kama hujabatizwa bado, Mariamu, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

Nilikuja kujua ukubwani kwamba ile "kama" imo kwenye kitabu cha ibada, huwekwa pasipo na hakika. Lakini Bibi alikuwa amesimama nje ya dirisha, akaisikia. Jumapili iliyofuata aliingia, akaketi. Nadhani alimpenda mtu aliyekubali kwamba huenda na sisi tulifanya kitu. Nami nilimpenda kasisi yule kwa hilo, nampenda hadi leo.

Doto tumemzika juzi. Kasisi wetu wa sasa, kijana mdogo, alikuja kuniuliza kabla ya ibada.

"Shikamoo, Bibi. Marehemu alikuwa amebatizwa?"

"Marahaba. Mara mbili."

Akanipa kitambaa, maana machozi yalikuwa yananishuka. Nilikishika tu mkononi. Sikujifuta.