Tangi la Mama Samaki

Kabla hajaweka hata mkoba chini, Mama Samaki huchutama mbele ya tangi kubwa la dukani kwake na kukagua mapezi yaliyochanika. Humo anafuga beta majike, visamaki vya urembo visivyopikika chungu kimoja. Husonya, hukunja mkono wa gauni, huzamisha mkono hadi kiwiko, akahamisha mawe na majani. Vidole vyake vimekunjamana kwa maji.

"Ukiwapangulia nyumba, kila mmoja anajiona mgeni," huwaambia wateja kwa sauti ya mtu aliyekosa usingizi. "Mgeni hana ubavu wa kugombana."

"Na wakishazoea?"

"Napangua tena."

Juzi simu ililia mkono mmoja ukiwa bado majini. Walikuwa wakwe zake, wake wa wanawe wawili, wanaokaa kwake na kutumia jiko moja, wakifoka kwa pamoja hata mteja akasikia. Hakuuliza nani kaanza. Aliegemeza paji la uso kwenye kioo, akafumba macho.

"Nimewasikia, wanangu. Msiguse kitu," alisema. "Nikirudi nitalihamisha tena lile kabati la jikoni."