Jini Lenye Kamba na Baba Yake Noela

Siku baba yake Noela alipokuja kuniona kazini, ukumbi mzima ulikuwa unaniita muongo kwa sauti moja.

Na mimi nilikuwa nacheka kuliko wote.

Naitwa Gregory. Nina kibanda cha video hapa Kalangalala, Geita. Wateja wangu ni wachimbaji wanaotoka maduarani, yale mashimo ya dhahabu, bodaboda na wauza mitumba. Kazi yangu ni kuweka picha, kushika kipaza sauti na kutafsiri.

Nimewahi kuweka zile picha mpya, majitu yanapaa mpaka unaamini. Watu wanakaa kimya, wanachezea simu, wanaondoka hata kuaga hawaagi.

Kilichoniokoa ni tamthilia ya zamani ya Kihindi niliyopewa na Harish, mwenye duka la vitambaa mtaa wa pili. Marehemu baba yake aliacha kanda kibao, yeye akazihamishia kwenye flashi.

Ndani kuna jini. Jamani, hilo jini.

Ndevu za pamba, pembe moja imelegea. Likipaa, unaiona kamba imefungwa kiunoni, nene kama ya kutekea maji kisimani. Kuna mahali kamba inagoma. Jini linabaki linazunguka taratibu hewani huku linamtisha mfalme. Likimpa mgongo linanyamaza, likirudi linamalizia kitisho.

Hapo ukumbi wote unapiga kelele: "Kamba! Kamba!"

Huku mtaani neno hilo lina kazi mbili. Kamba ni kamba, na kamba ni uongo. Wanalipigia jini, na wananipigia mimi pia, maana kila mtu anaona ninavyoongeza chumvi. Ndicho wanachokifuata.

Sasa Noela. Anauza dukani kwa Harish, na nilitaka kumuoa kufa na kupona. Kizingiti kilikuwa baba yake, Mzee Magesa wa kijijini Samuye, mfugaji, mtu asiyetaka masihara. Mchumba wa kwanza alimfukuza kwa sababu alisema ana shamba, kumbe kakodi.

Noela akamwambia mimi ni mkalimani wa Kihindi.

"Kwa nini umemwambia hivyo?" nikamuuliza.

"Ulitaka nimwambie unabishana na TV?"

Jumamosi moja mchana mzee akaja bila taarifa. Noela akamwingiza kibandani, akamkalisha benchi la nyuma pembeni ya Harish. Mimi nipo mbele sina hili wala lile. Jini linaning'inia, watu wamesimama: "Kamba! Kamba! Gregory kamba!"

Mzee akachukua kofia yake, akatoka.

Nikamkimbilia nje. "Shikamoo, baba."

Hakuitikia. Ndugu zangu, mzee wa mchumba wako asipoitikia shikamoo, ujue umekwisha.

"Noela, twende," akasema. "Hata watu wa maduarani wanajua huyu ni muongo. Nikuoze kwake mimi?"

"Baba, wanasema kamba ya jini," nikajitetea.

"Jini lina kamba?"

"Linayo, baba. Inaonekana kabisa."

"Mtu atengeneze picha ya TV, aache kamba ionekane? Kijana, mimi nina ng'ombe, sina ujinga."

Noela machozi yanamlengalenga. Nikamwomba mzee aingie tena kidogo tu, aone kwa macho yake. Akaingia kwa kinyongo, akasimama karibu kabisa na TV, mikono nyuma. Nikarudisha pale pale.

Jini likapaa. Likakwama. Likaanza kuzunguka.

Mzee akainama, akasogea. Mabega yakaanza kumtikisika. Nikajua amepandwa na hasira. Kumbe anacheka, kile kicheko cha kujibana, mpaka akashika ukuta.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha. Akasema tena. Nikarudisha tena.

Halafu akajifuta macho, sura ikarudi kuwa ya kikao. "Sasa niambie. Hilo jini limesema maneno mengi, wewe ukatafsiri 'hapana'. Mfalme kakohoa tu, wewe ukahubiri kama mchungaji. Kihindi unakijua?"

Noela akaangalia chini. Nikamtazama Harish aniokoe. Harish akaangalia bati.

Nikaona liwalo na liwe. "Sijui hata neno moja, baba."

Akamgeukia Harish. "Na wewe?"

"Mzee, mimi Mgujarati wa hapa hapa Geita. Hawa wa kwenye picha ni watu wa kusini mwa India, lugha yao siijui. Hata marehemu baba alikuwa hawaelewi. Alikuwa anacheka tu."

Mzee akawageukia wateja. "Na nyie mnajua kwamba hajui?"

"Tunajua, mzee," mchimbaji mmoja akajibu. "Siku akitafsiri kweli, tunahama."

Mzee akavaa kofia yake. "Basi hujamficha mtu. Yule wa shamba alificha. Njoo Samuye tuongee."

Nililia, na sioni aibu kusema.

Mahari wajomba zangu walishapatana na mzee, na siku ya kikao nikaenda nao Samuye. Ukoo umejaa, wazee huku, mashangazi kule. Kabla sijakaa, Mzee Magesa akanivuta nyuma ya zizi.

"Hapa wote nimeshawaambia mkwe wangu anaongea Kihindi. Usiniaibishe. Ukisimama, anza nacho."

"Baba, lakini sikijui."

"Na wao hawakijui."

Nikasimama. Nikamwaga maneno ya jini, mikono hewani, macho nimeyatoa. Wazee wakaniangalia kwa heshima kubwa.

Mzee Magesa akanyanyuka, akaanza kutafsiri kwa Kisukuma, taratibu, kwa uchungu, mkono kifuani. Mimi ni Mzinza, Kisukuma changu ni cha kuombea maji. Nikaona tu wazee wanatabasamu, mashangazi wanapiga vigelegele. Na mimi nikapiga makofi kwa nguvu zangu zote.

Nikamnong'oneza Noela: "Amesema nini?"

Noela alikuwa amejikaza mpaka mishipa ya shingo imesimama. "Amesema umesema kwamba kwa jinsi mimi binti yake nilivyolelewa vizuri, mahari mliyopatana ni dharau. Unaongeza mitamba miwili."

Nikafungua mdomo. Ukoo mzima unanitazama. Nikatae kwa lugha gani?

Mitamba nikapeleka. Mke ninaye, tunaishi vizuri.

Nimejifunza hivi, ndugu zangu. Vichekesho vya zamani tunavipenda kwa sababu havitufichi kitu. Tunaona vinavyotudanganya, tunakubali kudanganywa, tunacheka pamoja. Ila kabla hujacheka hakikisha umeelewa kinachosemwa, maana mimi siku ile nilishangilia kabla sijajua kwamba mchezo wenyewe ni mimi.