Viti vya Kuazima

Katibu wa chama cha wahadhiri ana mikono mipana na sauti ya kubembelezea mtoto. Tangu chuo kitangaze kufunga idara ya historia na kuwaachisha kazi walimu wake, kila siku ya mkutano hupita maofisini akiazima viti. Mimi ninayefagia huko huishia kucheka. Jana aliingia kwa mwalimu wa hesabu.

“Kwetu hawajagusa, dada. Mimi simo.”

“Sijakuita, kaka. Nimefuata kiti tu.”

Akajitwika kiti kichwani, huyo akaenda zake. Mwalimu alisimama weee, mwisho akakifuata kiti chake ukumbini, akakaa katikati ya wale wa historia akinung'unika. Leo, Mungu ni mwema, nimemkuta mlangoni kwake, kiti begani, akiuliza, “Dada yetu mbona anachelewa?”