Wimbo Uliotangulia Sufuria

Ukipita kando ya shule yetu saa ya michezo, utawaona watoto wamesimama kwa mstari, mikono juu, wakimtazama mwalimu mwenye simu. Anapiga picha. Anawaambia wainame, anapiga nyingine. Kisha wanarudi darasani, na picha zinatumwa huko zinakotakiwa, ili wakubwa wajue kwamba watoto wa Kitui kaskazini wamenyoosha viungo. Hakuna hata mmoja aliyetoka jasho. Mimi hutema mate na kuendelea na safari yangu, kwa sababu namjua Musyimi.

Musyimi ni jirani yangu, mtoto wa mzee Mbithi wa ng'ambo ya mto. Ni mfupi, mwenye miguu ya bata, na ukimwona akikimbia utadhani anafukuzwa na nyuki. Aliporudi kutoka chuo cha ualimu alipewa kipindi cha michezo kwa sababu hakuna mwalimu mwingine aliyetaka kusimama juani. Uwanja ulikuwa wa mawe. Mpira wa shule ulikuwa umetobolewa na miiba, na mwalimu mkuu alimwambia awafanye watoto wazunguke uwanja mpaka kengele ilie.

Musyimi hakuwazungusha. Aliwapeleka kwenye ua wa makonge ulioko nyuma ya shule, akawaonyesha jinsi ya kukata jani, kulipara, kuanika nyuzi na kuzisokota pajani kama nyanya zao walivyosokota za vyondo. Wakatengeneza kamba ya kuvutana. Kila darasa lilisokota kipande chake, likakiunga kwa fundo lake. Sheria ilikuwa moja tu: asiyesokota havuti.

"Mwalimu, kuna kamba za nailoni huko sokoni," mtoto mmoja alimwambia.

"Ya nailoni ni ya kufungia magodoro. Wewe ni godoro?"

Watoto wakacheka, wakaendelea kusokota.

Halafu akaja kwetu wazee kutafuta wimbo. Wakati wetu hakuna mtu aliyelima peke yake. Mwethya ulikuja, yaani majirani wote na majembe yao, na mbele yao ngui, mwimbishaji, ambaye sauti yake iliinua majembe yote kwa pamoja na kuyashusha kwa pamoja. Mlegevu aliimbwa. Hakutajwa jina lake. Nyumba yake ndiyo iliyotajwa, na aibu hiyo ilimtia nguvu kuliko fimbo. Leo kila mtu ana ua wake, kufuli yake na kibarua wake, na jirani akifa tunasikia kwa simu. Musyimi alipoutaka wimbo ule, tulimwimbia kwa furaha hadi koo zikakauka. Tulidhani umetuponyoka milele.

Alimchagua Hamdi awe ngui. Hamdi ni binti wa Mahamud, mfanyabiashara wa mbuzi aliyehamia hapa kutoka kaskazini mashariki, na Kikamba chake kilikuwa safi kuliko cha watoto wetu waliolelewa na runinga. Alisimama kando ya kamba, kitambaa chake kikipepea, akaita:

"Mkono wa nani umelegea?"

"Wa kwa nani?" wengine waliitika, wakivuta kwa neno la mwisho.

Akitaja nyumba, mwenye nyumba hiyo alikaza misuli hadi shingo ikatoka mishipa. Niliwaona watoto wembamba kama fito wakiwa mtu mmoja. Waliokuwa wakipigana mtoni kwa ajili ya zamu ya maji waliacha. Mkubwa alikaa nyuma kama nanga, mdogo akakaa katikati, na hakuna aliyemcheka mwenzake. Katika mashindano ya shule za jirani waliwavuta watoto wa mjini, wenye viatu na wenye nyama mwilini, wakawaangusha kifudifudi. Siku hiyo Musyimi alirudi nyumbani akitembea katikati ya barabara kama chifu.

Ndipo ukaja ukame. Mvua ilikosa msimu mmoja, ikakosa wa pili, pojo zikakauka zikiwa na maua. Chakula cha shule hakikuletwa muhula ule. Mashindano yalikuwa yanakaribia, na mwalimu mkuu, Bi Mwongeli, alikuwa amekwisha kusema kwamba wasiposhinda tena, kipindi kile kitatolewa kwa hesabu. Musyimi aliona kwamba mambo yote aliyojenga yananing'inia kwenye ule ugwe wa makonge. Akawakaza.

Katika timu kulikuwa na Kalondu, msichana mrefu, mjukuu wa Syokau, mjane anayekaa juu ya kilima. Mchana ule miguu yake ilianza kutetemeka. Hamdi aliona kamba imelegea mahali pake, akafanya kama alivyofundishwa.

"Mkono wa nani umelegea?"

"Wa kwa nani?"

"Wa kwa Syokau! Wa kwa Syokau!"

Mtoto mwingine pengine angeachilia. Kalondu hakuachilia. Tangu jana yake hakuwa ametia kitu mdomoni, lakini angesemaje mbele ya timu nzima kwamba kwa bibi yake hakuna kitu? Nyumba ilikuwa imeshatajwa. Akajizungushia kamba mkononi, jambo ambalo Musyimi alilikataza kila siku, akavuta mpaka macho yakageuka. Alipoanguka, wenzake bado walikuwa wanavuta kwa neno la mwisho. Kamba ikamburuta juu ya mawe, na mkono ukavunjika kwenye kifundo.

Musyimi alimbeba mgongoni hadi zahanati, na miguu yake ile ya bata. Hamdi aliwafuata nyuma akilia, "Ni mimi nilimwimba, mwalimu, ni mimi."

Jioni nilikuwa pale zahanati Syokau alipofika na fimbo yake. Nilitarajia matusi. Hakutukana. Alimtazama Musyimi, akauliza:

"Kijana wangu, wimbo huu ulipewa na nani?"

"Na wazee, susu." Ndivyo tunavyomwita nyanya.

"Wazee wanaume." Alinigeukia. "Hawa walikuta chakula kimeiva. Hawakuwahi kuuliza kiliivaje. Mimi nilikuwa kwenye mwethya tangu nikiwa msichana. Mwenye shamba aliamka akatwanga mahindi, akapika muthokoi, watu wakala, ndipo ngui akafungua mdomo. Huwezi kumwimba mtu ambaye hujamlisha. Ulichukua wimbo, ukaacha sufuria."

Musyimi alikaa kwenye benchi, akaweka uso mikononi.

Kesho yake Bi Mwongeli aliifungia kamba stoo. Sitamlaumu sana, wazazi walikuwa langoni, na yeye ana kazi ya kulinda. Musyimi alimwendea akamsihi. "Nipe siku moja tu, madam. Nitapika kwanza. Kila mzazi ataleta alichonacho, hata kama ni konzi moja. Watoto wale, ndipo wavute."

"Mwalimu, ukame huu, nani ataleta?"

"Zamani walileta hata wakati wa njaa."

"Zamani," alisema Bi Mwongeli, akamfungulia mlango atoke.

Hata hivyo Musyimi alizunguka nyumba hadi nyumba. Wengine walimwambia wataona. Wengine walisema serikali ndiyo iliyopaswa kulisha. Wengine walizima redio wakajifanya hawapo. Siku aliyoipanga ilipofika alikuja Mahamud na mfuko wa mahindi begani, na alikuja Syokau akiwa na pojo kidogo ndani ya kikombe, zile alizokuwa ameziweka za mbegu. Mimi nilileta kuni. Basi. Huo ndio mwethya uliobaki katika nchi hii: mgeni, mjane na mzee mbishi.

Tulipoingiza sufuria langoni, mlinzi alitusimamisha. Bi Mwongeli alikuja mwenyewe, na ninaapa alikuwa na huzuni usoni. Alisema chakula ambacho hakijakaguliwa hakiwezi kuliwa ndani ya shule, na mtoto akiumwa tumbo baada ya mwingine kuvunjika mkono, yeye ndiye atakayesimama mbele ya wakubwa. Basi tukapikia nje, kando ya barabara. Wakati wa mapumziko watoto walitoka, wakala muthokoi kwa viganja, wakalamba vidole. Kisha kengele ikalia, wakarudi ndani. Kamba ilikuwa ndani, imefungiwa. Musyimi alibaki nje ya lango na sufuria tupu, akiwa amepata ile nusu aliyoikosa na kupokonywa ile aliyokuwa nayo.

Hakupewa tena kipindi cha michezo. Tangu siku hiyo anafundisha hesabu, akifunga dirisha linaloelekea uwanjani.

Mwaka huu, siku ya soko, nilikwenda naye Kyuso kununua chumvi. Tulipita penye mbuzi wa Mahamud. Kalondu alikuwa pale, msichana mkubwa sasa, ameleta mbuzi wa bibi yake, kifundo cha mkono kimepona kikiwa kimepinda. Hamdi alikuwa akimpa maji mbuzi mwingine. Waliposalimiana na mwalimu wao, Kalondu aliinama, akashika kamba iliyomfunga beberu mmoja.

"Mwalimu, hebu ona. Hili fundo ni la darasa letu. Nililifunga kinyume, ukanicheka mwezi mzima."

Musyimi alipiga goti kwenye vumbi. Shule ilikuwa imesafisha stoo, ikauza takataka, na kamba yetu ilikuwa imekatwakatwa vipande. Mbuzi wote wa safu ile walikuwa wamefungwa nayo.

"Baba aliinunua bila kujua," Hamdi alisema kwa sauti ndogo.

Musyimi alimtazama Kalondu. Hakuuliza habari za kamba, wala za mkono.

"Umekula?"

"Nimekula, mwalimu."

"Umekula nini?"

Kalondu akainama tena kwenye fundo. Mwalimu akaenda kwa mama wa chai, akarudi na mandazi ndani ya gazeti, akasimama pale hadi wasichana wote wawili walipomaliza. Ndipo Hamdi akamfungua beberu, akashika ncha moja ya kipande kile, na Kalondu akashika nyingine kwa mkono wake mzima. Wakasimama wakitazamana, wakisubiri mtu aanzishe wimbo.

Kipande kilikuwa kifupi mno. Vidole vyao vilikuwa vinagusana.