Rubani Msaidizi wa Kapteni Obedi

Mihayo Shimba alikuwa amemaliza mwaka mzima bila kurusha hata kishada, siku Kapteni Obedi alipomwita kazini. Shirika la umma lililomsomesha urubani lilikuwa limempunguza pamoja na wenzake, maana miaka ile mashirika ya serikali yalikuwa yakipukutika kama majani ya kiangazi. Akarudi Mwanza kwa mama yake, mtaa wa Pasiansi, akawa anashinda juu ya mawe nyuma ya nyumba, akitazama ndege za watu zikishuka kiwanjani. Majirani walimwita rubani, mwanzoni kwa heshima, baadaye kwa kicheko.

Obedi ndiye aliyemtoa kwenye mawe yale. Mzee huyo naye alikuwa amestaafishwa mapema na shirika lile lile, kisha akapata kazi kwa Farouk, muuza vipuri vya magari aliyekuwa amenunua ndege kuukuu ya injini mbili. Tangu meli ilipozama ziwani na roho za watu wengi, wenye uwezo walikuwa wakiogopa maji, na Farouk aliinusa biashara hiyo kabla ya wengine. Ndege ikawa inakwenda Bukoba na kurudi, imejaa watu na mizigo yao. Obedi alimwambia tajiri wake kwamba haruki bila rubani msaidizi, na msaidizi anayemtaka ni kijana wa Shimba.

Mihayo hakulisahau hilo. Alimheshimu Obedi kama baba, na ndiyo maana yaliyofuata yalimwia magumu.

Kasoro ya mzee aliigundua mvua za El Nino zilipoanza. Alikuwa nyumbani kwa kapteni, Ilemela, wakinywa chai barazani. Obedi akanyoosha mkono kuchukua kikombe kilichokuwa ubavuni pake, akakipiga kikaanguka. Mkewe, Rebeka, akapangusa chai kama mtu aliyekwisha kuzoea.

"Ni presha ya macho," Obedi akasema mkewe alipoingia ndani. "Mbele naona vizuri. Pembeni ndiko kunakoingia giza. Naitazama dunia kama niko ndani ya bomba."

"Na daktari wa leseni?"

"Ananionyesha herufi ukutani, nazisoma zote. Ya pembeni hajaniuliza." Akakisogeza kikombe mbele yake. "Mihayo, mwanangu, nikishushwa kwenye ndege nitakuwa nani? Wewe kuwa macho yangu ya pembeni. Mbele niachie mimi."

Mihayo akakubali. Wakawa wanaruka hivyo hivyo, kijana akimtajia mzee kila mshale wa vipimo uliosogea na kila korongo aliyekatiza ubavuni. Abiria walizitazama mvi za kapteni wakatulia vitini. Mihayo mwenyewe hakuwa akitulia mpaka magurudumu yaguse ardhi.

Kisha akaitwa kwenye usaili. Kampuni mpya ya ndege ilikuwa imefunguliwa Dar es Salaam na ilitafuta marubani. Obedi alifurahi kuliko mwenye bahati, akajitwika kazi ya kumwandaa. Jioni walikaa pale barazani, mzee akijifanya msaili.

"Watakaokuuliza ni makapteni," alimwonya. "Usijibu mbio mbio kama mtoto wa shule. Haya. Injini moja imezima ukiwa ndiyo kwanza unapaa."

"Kwanza naishika ndege isianguke. Mengine baadaye."

"Vizuri. Na kapteni wako akikosea?"

Mihayo akakitazama kikombe cha mzee. "Namwambia kwa heshima. Asiposikia, narudia kwa ukali. Asiposikia tena, nachukua usukani."

"Ndivyo," Obedi akasema, akigeuza uso kuelekea ziwani. "Ndivyo wanavyotaka kusikia."

Wiki ya kwenda Dar ilipokaribia, walikuwa wanarudi kutoka Bukoba alasiri, mvua imeshika. Walipokuwa wanashuka Mwanza, upepo wa ziwani uliwapiga ubavu. Obedi alikuwa amekaza macho mwisho wa njia ya kutua, huku ndege ikisukumwa taratibu upande wenye mawe.

"Kapteni, tunakwenda pembeni."

"Naiona njia."

"Kapteni, mawe!"

Mzee hakubadili mwelekeo. Mihayo akaushika usukani akavuta, na kwa kitambo mikono ya wote wawili ikashindana. Ndege ikayakosa mawe, ikagonga ardhi kwa bawa, ikaserereka mpaka majanini. Hakufa mtu. Lakini Sihaba, mama aliyekuwa akifanya biashara ya vitenge, alivunjika nyonga, na hakutembea tena bila magongo.

Wakiwa bado wamelowa, Obedi alimvuta kando. "Wakaguzi wakija, sema ni upepo."

"Upepo ulikuwepo," Mihayo akajibu. Na wakaguzi walipokuja, alisema hivyo.

Dar es Salaam alikuta makapteni watatu nyuma ya meza ndefu. Walimuuliza habari za injini na hali ya hewa, akajibu vema, hata mmoja akatabasamu. Kisha aliyekaa katikati, mwanamume mwembamba mwenye sauti ya chini, akasema, "Tuambie siku uliyopingana na kapteni wako."

Mihayo alikuwa na jibu alilolifanyia mazoezi, kisa cha kutunga kisichomdhuru mtu. Akafungua mdomo akitoe, akilini akamwona tena Sihaba alivyobebwa kwenye mvua, mguu umegeuka. Akaeleza yote, na macho ya Obedi pia.

Yule kapteni alimsikiliza mpaka mwisho. "Hayo macho uliyajua lini?"

"Mvua zilipoanza."

"Na ukaendelea kupakia abiria?"

Mihayo akaitikia kwa kichwa. Hapakuwa na swali jingine. Walimshukuru kwa safari ndefu, wakamwomba afunge mlango akitoka.

Kazi hakupata. Habari zilifika Mwanza kabla yake. Obedi akanyang'anywa leseni, naye Mihayo akafungiwa yake kwa kudanganya wakaguzi. Farouk akaiuza ile ndege vipande vipande. Mihayo akaenda Usagara kufundisha hesabu shule ya sekondari, na wanafunzi wakimuuliza habari za kuruka, huwaambia wafungue madaftari.

Mara moja alirudi Ilemela. Aliyefungua mlango ni Rebeka, amekonda.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia marahaba. Alisimama akiziba mlango kwa mwili wake, akimtazama.

"Nani huyo, mama watoto?" sauti ya Obedi ikauliza kutoka gizani ndani.

"Hakuna mtu," Rebeka akasema, akafunga.